Kutumia Viwango vya Majarida Bila Kutumikishwa Navyo

Ujumbe ninaopokea kutoka kwa wanafunzi wa uzamivu na wahadhiri vijana huanza kwa namna nyingi, lakini huishia penye swali lilelile. Makala imekamilika. Msimamizi anataka ipelekwe Q1. Idara inataka jarida lililomo Scopus. Mwenzangu aliyepanda cheo mwaka jana ananielekeza kwenye jarida linalochapisha ndani ya wiki mbili. Sasa nipeleke wapi?

Nawajibu wote hapa kwa pamoja. Kiwango cha jarida ni taarifa kuhusu jarida. Si hukumu juu ya makala yako. Kina kazi yake, nayo huja ya tatu: kwanza ujue nani anapaswa kuusoma utafiti wako, pili uhakikishe kuwa jarida ni la kweli, ndipo utazame kiwango. Anayeanza na kiwango hujikuta ama amepoteza mwaka mzima akisubiri kukataliwa na jarida lisilomhusu, ama ametoa fedha kwa matapeli.

Yafuatayo ni maelekezo ya kufanyia kazi. Yasome ukiwa na makala yako mezani.

Orodha ziko nyingi, na kila moja hupima chake

Mtu akikuambia "jarida hili ni Q1", usiitikie kabla hujauliza maswali matatu: kwa orodha ya nani, katika taaluma ipi, na ya mwaka gani? Hizi ndizo utakazokutana nazo mara nyingi:

- Impakti fakta. Hutolewa na kampuni ya Clarivate kila mwaka kwa majarida yaliyomo katika kanzidata yake ya Web of Science. Wazo lilitolewa na Eugene Garfield mwaka 1955, na ripoti zake za kila mwaka zilianza 1975. Lengo la awali lilikuwa kuchagua majarida ya kuingizwa kwenye faharasa na kuwasaidia wakutubi kuamua wanunue yapi. Kupima watu hakukuwamo.
- CiteScore. Hutolewa na Elsevier kwa kutumia data za kanzidata yake ya Scopus, tangu 2016. Hesabu yake huchukua miaka minne, na mtu yeyote anaweza kuiona bila malipo.
- SJR. Huandaliwa na kundi la SCImago la Hispania, pia kwa data za Scopus. Hapa rejeleo linalotoka katika jarida lenye hadhi hupewa uzito zaidi. Kwa kuwa ni bure, Q1 hadi Q4 (robo ya juu hadi robo ya chini ya majarida ya taaluma moja) zinazotajwa kwenye vikao vya idara zetu mara nyingi hutoka huku.
- h5 ya Google Scholar. Huangalia marejeleo ya makala za miaka mitano. Husaidia kujua yapi yanasomwa sana, lakini haichuji ubora.
- Orodha za wataalamu. Watu wa biashara na uchumi hutumia orodha ya Uingereza iitwayo Academic Journal Guide, ile ya Australia yenye alama A*, A, B na C, na ile ya majarida 50 ya gazeti la Financial Times. Norwei ina rejista inayogawa majarida katika ngazi ya 1 na ya 2. Kwenye orodha hizi, majopo ya wataalamu hujadiliana; namba peke yake haiamui.
- Orodha za serikali. Afrika Kusini ina majarida yanayotambuliwa na idara inayosimamia elimu ya juu, na chuo hupata ruzuku kwa makala zilizochapishwa humo. Ndiyo maana mshirika wako wa huko atauliza kwanza kama jarida limo kwenye orodha.
- Nyota za JPPS. Mfumo huu hutumika kwa majarida yaliyo kwenye jukwaa la African Journals Online, maarufu kama AJOL. Haupimi marejeleo, hupima uendeshaji: uhariri, uhakiki, uwazi na utokaji kwa wakati.

Angalizo: jarida moja linaweza kuwa Q1 katika taaluma moja na Q3 katika nyingine mwaka huohuo, kwa sababu limewekwa kwenye makundi mawili. Likiwa Q1 chini ya "historia" na Q3 chini ya "uchumi", na makala yako ni ya uchumi, andika Q3. Kamati makini italikagua.

Namba hupatikanaje, na inaficha nini

Tuchukue impakti fakta. Tuseme jarida lilichapisha makala 40 katika miaka ya 2022 na 2023 kwa pamoja. Katika mwaka 2024, makala hizo zikarejelewa mara 60. Gawanya 60 kwa 40: impakti fakta ya 2024 ni 1.5. Ni wastani tu, na wastani huficha mengi. Kumbuka mambo matatu.

1. Makala chache hubeba nyingine. Jarida la Nature lilieleza mwaka 2005 kuwa asilimia 89 ya marejeleo yaliyotengeneza namba yake yalitokana na asilimia 25 tu ya makala zake. Makala nyingi hata katika jarida kubwa hurejelewa chini ya wastani wake.
2. Makala moja yaweza kupaisha jarida zima. Acta Crystallographica Section A lilikuwa na impakti fakta ya karibu 2 mwaka 2008. Mwaka 2009 ikafika karibu 50. Sababu ilikuwa makala moja ya George Sheldrick kuhusu programu ya SHELX, iliyorejelewa maelfu ya mara. Makala hiyo ilipotoka kwenye dirisha la hesabu, namba ikarudi karibu na 2. Waandishi wengine wa jarida hilo hawakuwa wameandika vizuri zaidi wala vibaya zaidi.
3. Taaluma hazifanani. Jarida la saratani liitwalo CA hupata namba za mamia, kwa sababu takwimu zake za kila mwaka hutajwa na karibu kila anayeandika kuhusu ugonjwa huo. Annals of Mathematics, ambalo mwanahisabati yeyote angejivunia kuchapishwa ndani yake, huwa na namba ndogo isiyofika kumi. Kuyalinganisha mawili haya hakumfundishi mtu chochote.

Basi linganisha jarida na majirani zake wa taaluma moja tu, na utazame mwelekeo wa miaka mitano badala ya namba ya mwaka mmoja.

Maswali matatu kabla ya kufungua orodha yoyote

Nani akiisoma makala hii atafanya kazi yake tofauti? Mtaja. Kama umechunguza vyandarua na usugu wa mbu, wasomaji wako ni watafiti na mameneja wa programu za malaria, na Malaria Journal litawafikia. Kama umechunguza kilimo cha mwani Zanzibar, Western Indian Ocean Journal of Marine Science linasomwa na watu wa bahari hii hii. Kama umefukua magofu ya pwani, wanaakiolojia wa Afrika wanalijua Azania. Ukishindwa kumtaja msomaji, tatizo liko kwenye makala, na kiwango cha jarida hakitalitatua.

Kanuni za chuo chako zinasemaje kwa maandishi? Usitegemee maneno ya korido. Omba mwongozo wa kupandisha vyeo na uusome mwenyewe. Kenya ina vigezo vya Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu; nchini Tanzania vyuo vya umma vina muundo wa utumishi wa pamoja, na kila chuo kina taratibu zake za ndani. Tafuta majibu haya:

- Je, jarida lazima liwe kwenye Scopus au Web of Science, au inatosha liwe na uhakiki wa wataalamu na bodi inayotambulika?
- Makala ya waandishi wengi hugawanywaje pointi?
- Jarida la chuo chenyewe linahesabiwa, na kwa makala ngapi?
- Je, makala zitapelekwa kwa watathmini wa nje? Kama ndiyo, ubora wa makala yenyewe utasomwa, na jina la jarida halitakuokoa.

Una muda na fedha kiasi gani? Mwanafunzi anayehitaji barua ya kukubaliwa kabla ya kutetea tasnifu miezi sita ijayo hawezi kuchagua kama mhadhiri asiye na haraka. Hilo si aibu. Ni hali halisi, ipangie.

Hatua saba za kuchagua jarida

1. Anza na marejeo yako mwenyewe. Pitia orodha iliyo mwishoni mwa makala yako. Majarida yanayojirudia ndiyo yanayoendesha mjadala unaotaka kuuingia. Lisipojirudia hata moja, huenda umetaja vitabu vya kiada na tovuti tu, rudi ukasome.
2. Soma ikisiri za matoleo mawili ya karibuni ya kila jarida. Angalia aina ya data, urefu, mbinu, na kama wamewahi kuchapisha kuhusu Afrika Mashariki.
3. Andika majarida matano, ukiyapanga kwa wasomaji. Bado usitazame namba.
4. Sasa fungua viwango. Kwa kila jarida andika: orodha gani, kundi gani la taaluma, robo ipi, na mwelekeo wa miaka mitano. Namba inayopanda ghafla, pamoja na idadi ya makala iliyoongezeka maradufu kwa mwaka mmoja, ni sababu ya kuchunguza zaidi.
5. Hakiki uorodheshaji penye chanzo. Chukua ISSN ya jarida, ingia kwenye orodha ya vyanzo ya Scopus au orodha kuu ya majarida ya Web of Science, uitafute. Usiamini nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya jarida. Soma pia miaka ya uorodheshaji: jarida linaweza kuonekana kwenye Scopus kumbe limesitishwa miaka mitatu iliyopita.
6. Kokotoa muda. Makala nyingi huonyesha tarehe ya kupokelewa na ya kukubaliwa. Chukua makala kumi uone zilichukua miezi mingapi. Hutahitaji kumuuliza mtu.
7. Amua la kwanza, la pili na la tatu kabla ya kutuma. Peleka moja tu kwa wakati mmoja. Kupeleka mawili kwa pamoja ni kosa la maadili linaloweza kukufungia milango yote miwili. Ukikataliwa, rekebisha kulingana na maoni ya wahakiki, kisha peleka la pili. Usiikalie makala mwaka mzima kwa uchungu.

Jarida la kweli au la kitapeli?

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Barua pepe inayokuita "profesa mtukufu" wakati bado ni mhadhiri msaidizi, ikisifu makala yako ya kilimo na kukualika uchapishe kwenye jarida la moyo na mishipa, ni ya kufuta.

Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon alipeleka makala ya kubuni, yenye makosa ya wazi ya kisayansi, kwa majarida 304 ya ufikiaji huria. Majarida 157 yaliikubali. Matokeo yalichapishwa katika Science. Tangu hapo mbinu za matapeli zimekomaa. Kwa miaka kadhaa mkutubi Jeffrey Beall wa Chuo Kikuu cha Colorado, Denver, alitunza orodha ya wachapishaji wenye mashaka, lakini ilifutwa Januari 2017. Nakala zinazozunguka leo ni za zamani au zinaendelezwa na watu wasiojitambulisha, kwa hiyo zisiwe ushahidi wako pekee.

Kagua haya mwenyewe:

- Muda. Ahadi ya uhakiki ndani ya siku tatu au tano ni ahadi ya kutohakiki.
- Namba zisizo na mwenyewe. Zipo kampuni zinazouza "impakti fakta" za kubuni zenye majina yanayofanana na ile halisi. Tangu ripoti ya Juni 2023, Clarivate huonyesha tarakimu moja tu baada ya nukta. Jarida linalotangaza impakti fakta mpya ya 7.834 linapaswa kukueleza limeitoa wapi.
- Sifa zisizo sifa. ISSN ni namba ya utambulisho, DOI ni anwani ya kudumu, na kuonekana Google Scholar ni kuonekana tu. Vyote vitatu jarida la kitapeli linaweza kuwa navyo.
- Bodi ya wahariri. Chagua majina mawili, tafuta kurasa zao za chuo, uwaandikie. Wapo wasomi ambao majina yao yamewekwa bila wao kujua.
- Upana usio na mipaka. Jarida moja linalopokea uhandisi, fasihi, uuguzi na sheria halina mhariri anayeweza kuisoma makala yako.
- Ada inayojitokeza mwishoni. Ada halali huandikwa wazi kabla hujatuma.
- Uorodheshaji. Jarida la ufikiaji huria litafute kwenye saraka ya DOAJ. La Afrika litafute AJOL. Kisha tumia orodha ya maswali ya kampeni ya Think. Check. Submit., iliyoanzishwa 2015 kwa kazi hii hasa.

Tahadhari ya pekee: majarida yaliyotekwa. Matapeli hutengeneza tovuti yenye jina, ISSN na hata jalada la jarida halisi, wakapokea makala na fedha. Mwandishi huangalia Scopus, akakuta jarida lipo kweli, akalipa. Kumbe amelipa kwa tovuti ya bandia. Kinga ni kufika kwenye tovuti ya jarida kupitia kiungo kilichoko kwenye kanzidata au kwa mchapishaji anayejulikana, wala si kupitia barua pepe. Tovuti ya Retraction Watch ina orodha ya majarida yaliyotekwa ambayo mtu yeyote anaweza kuipitia.

Jarida likiondolewa orodhani baada ya wewe kuchapisha

Jambo hili hutokea, tena kwa majarida makubwa. Mwaka 2023 Clarivate iliondoa majarida kadhaa ya Hindawi kwenye Web of Science, na mwaka huohuo makala zaidi ya 8,000 za mchapishaji huyo zikabatilishwa, nyingi zikihusishwa na viwanda vya makala za kughushi. International Journal of Environmental Research and Public Health nalo liliondolewa mwaka huo, ingawa lilikuwa na impakti fakta ya kuvutia na maelfu ya waandishi waaminifu.

Jilinde hivi:

- Siku unayotuma, hifadhi ukurasa wa kanzidata unaoonyesha jarida limo, wenye tarehe.
- Rudia siku makala inapokubaliwa na siku inapochapishwa.
- Hifadhi barua zote za wahakiki na majibu yako. Zinathibitisha kuwa makala ilihakikiwa.
- Usiegemeze jalada lako lote la kupandia cheo kwenye jarida moja au mchapishaji mmoja.

Ada: usilipe kabla hujauliza

Tofautisha mambo mawili. Ada yenyewe si dalili ya utapeli. Nature lilitangaza ada ya yuro 9,500 kwa ufikiaji huria, na hakuna anayeliita la kitapeli. Vilevile ada kubwa si dalili ya ubora.

- Uliza kwanza kama jarida lina njia ya kuchapisha bila ada. Mengi yanayouzwa kwa maktaba hayamtozi mwandishi, na mara nyingi hukuruhusu kuweka nakala iliyokubaliwa kwenye hifadhi ya chuo chako.
- Wachapishaji wengi husamehe au kupunguza ada kwa nchi zilizo kwenye mpango wa Research4Life. Wengine hufuata madaraja ya Benki ya Dunia. Tanzania iliingia uchumi wa kati wa chini mwaka 2020, kwa hiyo usitegemee msamaha aliopata mwenzako wa miaka ya nyuma. Soma kanuni za leo.
- Omba msamaha wakati wa kutuma. Baada ya kukubaliwa, wengi hawapokei ombi.
- Ukiwa na mwandishi mwenza wa nje, muulize kama chuo chake kina mkataba unaolipia ada.
- Kamwe usilipe kwa akaunti ya mtu binafsi.

Majarida ya nyumbani na makala za Kiswahili

Msomi wa fasihi na isimu ya Kiswahili ana dhiki yake. Jarida la Kiswahili linalotolewa Dar es Salaam lina mizizi katika kazi za Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930. Mulika, Kioo cha Lugha na Swahili Forum ndimo mijadala ya taaluma hii ilimofanyika. Lakini makala ya Kiswahili hurejelewa zaidi kwenye vitabu, tasnifu na majarida ambayo kanzidata kubwa hazihesabu. Marejeleo yapo, mashine haiyaoni.

Ushauri wangu kwenu ni huu:

- Msiache kuandika kwa Kiswahili. Mjadala wa ngeli, ushairi au tafsiri ukihamia wote Kiingereza, wanaoufundisha na wanaoufanyia kazi wataachwa mlangoni.
- Changanyeni kwa mpango: makala za Kiswahili kwenye majarida ya lugha yenye uhakiki halisi, na nyingine kwenye majarida ya kimataifa ya isimu au fasihi ya Kiafrika.
- Chagueni majarida ya nyumbani kwa kuangalia kama yanatoka kwa wakati, kama wahakiki hutoa maoni ya maandishi, na kama makala zinapatikana mtandaoni. Kwa yaliyo AJOL, tazameni daraja la JPPS.
- Andikeni ikisiri nzuri ya Kiingereza pamoja na ya Kiswahili, na mhakikishe makala ina DOI.
- Mkusanye ushahidi mwingine: makala inafundishwa kozi zipi, imetajwa kwenye tasnifu zipi, imeingia kwenye kitabu gani. Uwekeni kwenye jalada.

"Lakini..." Majibu kwa pingamizi ninazozisikia

"Lakini msimamizi wangu hataki kusikia chini ya Q1." Mpelekee jedwali la majarida matano lenye wasomaji, robo, muda na ada. Anayekataa pendekezo la maneno hulifikiria lililoandikwa. Ikibidi, kubalianeni: tunaanza Q1 moja, tukikataliwa tunakwenda hili la pili.

"Lakini nisipoanza juu nitajuaje uwezo wangu?" Anza juu kama makala inaongea na wasomaji wa huko. Mhariri mkuu akiikataa kabla ya wahakiki, jibu huwa la haraka na hupotezi mengi. Kinachoumiza ni kurudia mara nne bila kurekebisha chochote.

"Lakini tuzo na vyeo vinafuata viwango." Ni kweli. Serikali ya Tanzania yenyewe imeanza kuwatuza watafiti wanaochapisha kwenye majarida ya kimataifa yenye hadhi. Sikwambii upuuze viwango. Nakwambia uvitumie kuchagua kati ya majarida yanayofaa, badala ya kuviacha vikuchagulie jarida.

"Lakini dunia si inaachana navyo?" Kwa sehemu. Australia ilifuta madaraja yake ya kitaifa ya majarida (si ile orodha ya biashara niliyoitaja juu) mwaka 2011 baada ya wasimamizi wa utafiti kuyageuza malengo. Tamko la San Francisco, DORA, lilitolewa 2013 likitaka impakti fakta isitumike kupima mtu mmoja mmoja. China mwaka 2020 iliagiza vyuo viache kulipa bakshishi za fedha kwa kila makala. Katika tathmini ya utafiti ya Uingereza, majopo huelekezwa kutotumia viwango vya majarida. Lakini kanuni zitakazokupandisha wewe ni za chuo chako. Zifuate wakati unashiriki kuzibadili.

Makosa yanayojirudia

- Kukata utafiti mmoja vipande vitano vyembamba ili kupata idadi. Watathmini hugundua, na kila kipande hudhoofika.
- Kuongeza marejeleo ya jarida unalolipelekea, yasiyohusu hoja, ili kumfurahisha mhariri. Mhariri akikulazimisha, ondoa makala yako.
- Kuweka jina la mkubwa asiyefanya kazi ili makala ipokelewe.
- Kutumia kiwango cha mwaka usiofaa. Andika kile cha mwaka uliochapisha, na utaje chanzo.
- Kuandika "Scopus" kana kwamba ni alama ya ubora. Kuwemo ni kuvuka kizingiti. Ndani yake yamo ya Q1 na ya Q4.
- Kuondoa makala kwenye jarida la kitapeli kwa kulipa "faini ya kujitoa". Usilipe. Andika barua ya kujitoa, hifadhi nakala, umjulishe mkutubi wa chuo na idara yako. Kama ulisaini kuhamisha hakimiliki, tafuta ushauri wa sheria wa chuo kabla ya kuipeleka kwingine.

Kwa wanaokaa kwenye kamati

Nanyi mnaniandikia, mkiuliza mtawezaje kupitia majalada thelathini bila namba. Hamwezi kusoma kila kitu, lakini haya mnayaweza:

1. Mwombeni mwombaji ataje makala zake tatu bora na aeleze kwa aya moja kila moja imeongeza nini. Someni hizo tatu.
2. Msilinganishe namba za taaluma tofauti. Mhandisi na mwanahistoria wasiwekwe kwenye mizani moja.
3. Chapisheni vigezo mapema, na msivibadili baada ya watu kutuma majalada.
4. Jarida likiondolewa orodhani, angalieni hali yake siku makala ilipokubaliwa, kisha someni makala yenyewe.
5. Thaminini vitabu, sera zilizobadilika, kamusi, na kazi ya uhariri. Majarida ya nyumbani hayatapanda kama anayeyahariri hapewi hata pointi moja.

Ya kufanya wiki hii

- Pata mwongozo wa kupandisha vyeo wa chuo chako na upige mstari kila mahali panapotaja majarida.
- Tengeneza jedwali la majarida matano: wasomaji, chanzo cha kiwango, robo, muda, ada.
- Hakiki ISSN za yote matano na uhifadhi kurasa zenye tarehe.
- Mwonyeshe jedwali mtu mmoja aliyekwisha kuchapisha katika taaluma yako.
- Andika barua fupi ya kusindikiza makala, yenye sentensi tatu: umegundua nini, kwa nini wasomaji wa jarida hilo watajali, na kwamba makala haijapelekwa kwingine.

Kisha tuma. Makala iliyolala kwenye kompyuta ikisubiri jarida lisilo na dosari haijamfikia msomaji hata mmoja, na hakuna orodha duniani inayoipa alama.